Walilichukua Koti, Wakamwacha Hamadi

Bado naikumbuka Jumatatu ile, mwanangu unayenisoma, nilipolitambua koti la kaka yangu likiwa limeletwa kwa dobi na mtu mwingine. Nilikuwa msichana, katika mji wa bandari huko Uingereza, na mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake kule. Nitakueleza koti lilivyofika hapo. Lakini kwanza niseme kilichonitia hasira hata nikakaa kitako kuandika, maana bila hasira hiyo ningekuwa dukani kwetu Al Ras, hapa Dubai, napima iliki na kunyamaza zangu.

Juzi nilikwenda mtaa wa Discovery Gardens kumtazama Nassor, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Amepanga na vijana wenzake, na anafanya kazi ghalani kule Freezone, eneo la biashara la uwanja wa ndege. Nikamkuta sebuleni amevaa koti la mvua, zipu imepandishwa mpaka kidevuni. Dubai hii, msimu huu ambao ukifungua bomba la maji baridi unaungua mkono. Kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho ili koti livalike. Nikamuuliza kama ana homa.

Mwenzake mmoja, Mkenya anayeitwa Brayo, kijana mwenye adabu na mdomo mwepesi, akanijibu yeye. "Hana homa, anti. Hiyo ni staili ya mafans wa mpira wa Uingereza wa kitambo. Hao wasee walikuwa wanavaa poa sana, na hakuna mtu angewaguza. Ukiguza mmoja, wote wanakuja."

"Wote wanakuja?" nikauliza.

"Wote, anti. Ni kama family."

Nassor akaninyooshea simu nione. Wazee wa Kiingereza, rika langu, vitambi vimewatangulia, wamekaa katika baa ya hoteli wakisimulia ujana wao wa kwenda mpirani na kupigana. Mmoja akajifuta macho akasema kwamba katika miaka yote ile hawakumwacha mwenzao nyuma hata siku moja. Ndipo Nassor akaniambia, kwa fahari kabisa, kwamba Jumamosi watakwenda pamoja, wamevaa hivyo hivyo, kwenye mkahawa wanakokaa mashabiki wa timu ile nyingine, "tukawaoneshe, mama mkubwa." Wakawaoneshe nini, sijui. Ninachokijua ni kwamba katika mji huu ngumi moja inatosha kukukatia viza na kukurudisha kwenu mikono mitupu, na Nassor ana wadogo zake Unguja wanaomtegemea yeye peke yake. Chai niliyoandaliwa niliiacha mezani. Niliona nikifungua mdomo nitasema nisiloweza kulirudisha.

Basi nisikilize sasa, wewe Nassor na wewe Brayo na wengine wote mnaoazima ujana wa watu. Hao wanaosimuliwa kwenye simu yenu, mimi nilikuwa nikiwafulia nguo.

Wazazi wangu walihamia kule nikiwa mdogo, baba akiwa baharia. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwa Bi Zuhura, mjane wa Kiunguja aliyefungua duka la dobi karibu na bandari. Mwanamke mfupi, hana maneno mengi, na Kiingereza chake kilikuwa cha gatini, lakini hakuna nguo iliyomshinda. Na nguo za vijana wale zilikuwa nguo kweli, sitasema uongo kwa sababu nimekasirika. Hawakuvaa skafu wala rangi za timu, kwa kuwa polisi waliwatafuta wenye skafu. Walivaa sweta za sufu laini za Kitaliani na raba za Kijerumani, na makoti mepesi waliyokuja nayo kutoka Ulaya walikoifuata timu. Viwanda vya mji ule vilikuwa vimefungwa, baba zao wamekaa nyumbani wanatazama ukuta, na wao walitaka wakipita njiani waonekane ni watu. Hilo nililielewa. Maskini anapojipamba hajipambii ujinga, anajilinda asidharauliwe. Nami niliwatazama kwa jicho la kupenda, kwa nini nifiche?

Lakini Jumatatu nguo zililetwa na madoa. Walisema ni sosi ya nyanya. Bi Zuhura alinifundisha kwamba damu huoshwa kwa maji ya baridi, kwa sababu ukiimwagia maji ya moto inaganda kwenye uzi na haitoki tena. Alikuwa akiloweka sweta zile huku akinung'unika kwa Kiswahili, "Nyanya gani hizi zinazoiva kila Jumamosi?"

Kaka yangu Hamadi akaingia kundini mwao. Hakuwa na kazi, alikuwa mzuri wa sura, na nguo zilimkaa kuliko wote. Alikuwa peke yake mwenye rangi yetu. Uwanjani, watu wa jukwaa lile lile aliposimama waliwalilia wachezaji weusi kwa mlio wa nyani. Siku moja nilimuuliza inakuwaje anasimama katikati ya watu wale. Akanijibu bila wasiwasi, "Mimi hawanisemi. Mimi wananijua."

Alikuwa na koti moja la buluu alilolipenda kama roho yake. Kitanzi cha kulitundikia kilipokatika, nilimshonea kingine kwa ukingo wa kanga ya mama, mwekundu wenye vitone vyeusi, ndani ya shingo mahali ambapo mtu hawezi kuona. Alilalamika kidogo kwamba nimeharibu koti la Kitaliani, kisha akanibusu kipajini akatoka.

Jumamosi moja ya baridi kali walikwenda mji wa jirani kwa treni. Hamadi hakurudi. Jumapili tukaletewa habari kwamba yumo hospitalini kule kule. Alikutwa kwenye ngazi za stesheni, mbavu zimevunjika, jicho moja limefumba, mwilini ana fulana tupu. Mama akashika njia. Mimi Jumatatu nikaenda kazini, maana nyumbani kuta zilikuwa zinanisogelea.

Nilikuwa nyuma napiga pasi nikasikia sauti ya Kevin. Huyu Kevin alikuwa rafiki wa Hamadi wa karibu kabisa. Alikula kwetu siku za Idi na kumwita mama yetu mama. Nadhani hakunitarajia siku ile. Alimkabidhi Bi Zuhura mfuko, akasema ni sosi ya nyanya. Bi Zuhura akaniletea nikague mifuko ya nguo kama desturi yetu. Nikalipindua koti, nikakiona kitanzi changu cha kanga.

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimelishika koti kwa mikono miwili na ninamuuliza Kevin amelipata wapi.

"Walikuwa wengi," akasema. "Alikuwa ameshaanguka. Tukamvua wasije wakalichukua."

"Na yeye?"

Akatazama chini. "Treni ilikuwa inaondoka."

Ndivyo alivyosema, mwanangu, na mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale damu yangu inachemka. Treni ilikuwa inaondoka. Walipata nafasi ya kumfungua zipu, wakamtoa mkono mmoja, wakamtoa na wa pili, mtu ana mbavu zilizovunjika. Nafasi ya kumnyanyua hawakuipata. Na koti lenyewe hakulileta kwetu. Alilipeleka kwa dobi litakate, avae yeye.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Aligeuza kibao cha mlangoni kuonyesha tumefunga, akavaa koti lake kuukuu, akamtia Kevin lile koti la buluu mikononi bila mfuko. "Chukua," akamwambia. "Mwenyewe yuko hai." Na kijana yule, ambaye watu walimkimbia njiani, akafuatana na bibi mfupi mpaka stesheni na koti la damu mbele ya macho ya watu. Tukapanda treni watatu.

Wodini, Hamadi alimgeuzia Kevin lile jicho lililofunguka. Nilingoja amuulize, ulikuwa wapi? Hata amtukane, ningefurahi. Uso ukamchangamka, akasema kwa taabu, "Alhamdulillahi, kumbe koti limepatikana."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Bi Zuhura akavuta kiti akakaa karibu na kitanda, akamsemesha Kiswahili, polepole, kama anayemlisha mgonjwa.

"Hamadi, n'sikilize. Wenzio walikuwa na mikono ya kubeba kitu kimoja, wakatazama wewe na koti, wakachagua koti. Sasa nawe umeamka, umetazama nafsi yako na koti, ukachagua koti. Basi hamna ugomvi nyie. Mmeshakubaliana kuwa wewe si kitu. Sisi tuliokuja kwa ajili yako ndio wajinga."

Kaka yangu akalia mpaka mbavu zikamuuma, akawa analia na kuugulia kwa pamoja. Kevin hakukijua Kiswahili, lakini alielewa. Akaliweka koti miguuni pa kitanda akatoka, na kwa Bi Zuhura hakukanyaga tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni, siku ile ndipo nilipoiona kwa macho.

Mnataka kujua familia ile iliishia wapi? Polisi walifunga kamera viwanjani. Majukwaa ya kusimama yakavunjwa, vikawekwa viti, na tiketi zikapanda hadi watoto wa bandarini wakabaki kutazama timu zao kwenye televisheni. Wengine walihamia kwenye muziki wa kukesha wakasahau mpira, wengine wakaoa, wengine wakafungwa. Ikawa imekwisha hivyo, ndugu wa kufa na kuzikana hawajuani hata kwa salamu. Kisha wakaja wafanyabiashara. Wakaokota makoti, wakaacha watu, kama walivyofanya wale wa kwenye ngazi. Leo koti lile lile linashonwa kwa maelfu, linasafirishwa kwa makatoni, na huenda Nassor mwenyewe ndiye anayeyapakua ghalani kabla ya kwenda kulinunua dukani kwa mshahara wake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hili ndilo linaloniudhi. Ile heshima ya kijana maskini anayetaka aonekane ni mtu, ndiyo iliyokuwa na thamani kwao, nayo imekufa hakuna anayeililia. Ukatili wao, ambao ulistahili kufa na kufukiwa, umetiwa marashi ukawekwa kwenye simu ili mtoto wa marehemu mdogo wangu auonee wivu. Wale wazee wenye vitambi wana haki ya kulia, uzee una machozi yake. Hawana haki ya kunidanganyia watoto.

Sasa nakushauri, mwanangu, na sitazunguka. Kuvaa vaa, ujana ndio wakati wake, hata mimi nilipenda kupendeza na mpaka leo sijaacha. Mpira nao utazame, ushangilie, umtanie wa timu nyingine mpaka akuchukie kwa dakika tisini, halafu mkale pamoja. Lakini usimwite mtu ndugu kwa sababu mmevaa sawa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ujana wa kuazima ndio kabisa. Kabla hujatoka kwenda kupigana kwa ajili ya kundi, wakumbuke hao wenzako mmoja mmoja, kwa majina, ujiulize: nikianguka leo, huyu atainama achukue nini? Huko mkahawani Jumamosi, polisi wakiingia, nani kati yao atakaa nawe, na nani atakumbuka kwamba ana basi la kuwahi? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haijali umevaa nini.

Leo ni Alhamisi. Nassor sijampigia, kwa kuwa najua nitafoka naye atakata simu. Nimemtumia maneno haya ayasome peke yake, kiyoyozi kikizimwa. Jumamosi nitapika pilau hapa kwangu, na mlango utakuwa wazi kwake, kwa Brayo, na hata kwa hao wa timu nyingine wakitaka kuja.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde na aibu ya ugenini, akurudishe kwenu kwa miguu yako na uso wako mkunjufu. Na akujaalie watu ambao, siku wakiwa na mikono ya kubeba kitu kimoja tu, watakubeba wewe.