Baragumu la Asajile

Asajile wa Ikinga alikuwa na sauti, wajukuu zangu, msinibishie. Akikohoa kwetu, majogoo wa Nyasaland, ng'ambo ya mto, wanawika. Ndiyo maana enzi za Mwingereza watu wa gari la sinema walimwajiri, wakampa baiskeli na baragumu la bati. Kazi yake kutangulia. Gari likiingia kijijini na watu wakikaa kutazama, yeye keshaondoka kuwaita wa kijiji cha mbele. Kwa hiyo sinema yenyewe hakuwahi kuiona.

Kisha wakaja kupiga picha kwetu. Babake, Mzee Boazi, aliombwa ajilaze kivulini, jembe kando. Akajilaza. Mgeni akikuomba kwa adabu utamkataliaje?

Asajile, aliyekuwa vijiji vya mbele, akaambiwa tu, "Babako yumo kwenye sinema ya kilimo." Weee! Tunduma mpaka Kamsamba alipaza: "Njooni na vigoda! Njooni mmwone baba yangu, Mzee Boazi!"

Zamu ya Ikinga ilipofika akaomba abaki. Akamkalisha mzee mbele kabisa. Shuka ya sinema ikawaka, tukamwona Mzee Boazi amelala fofofo, nyuma yake shamba limemezwa na magugu. Shamba la nani sijui, lake halikuwa! Sauti ikasema: "Huyu ni mvivu. Msiwe kama yeye." Watu wakacheka mpaka wakaanguka.

"Mwanangu, ndiyo hii uliyowaitia watu?"

"Baba, sikuwahi kuiona."

"Na umeitangaza mpaka Kamsamba."

"Nilidhani wamekupiga picha ukilima!"

"Nyamaza sasa. Umeshasema."

Asajile akaacha kazi ile, lakini maneno hayarudi mdomoni. Mzee akipita, vijana wanakoroma. Hata kanisani walimkoromea, wakati wa sala! Akaacha kwenda kanisani, akaacha mnada, mwisho akaacha kula.

Mzee alipofariki, Asajile alipanda kilimani kuita msiba, kama desturi yetu. Wa mabonde ya mbali waliposikia sauti ile na jina lile, hawakungoja mengine. Walikuja wanacheka, vigoda kichwani, karanga mfukoni.

"Shemeji," Danford, mmoja wa hao wa mbali, akauliza mlangoni, "mzee analala tena leo?"

Asajile akampisha.

"Ingia utazame. Hii nimeiona kwanza, ndipo nikaitangaza."

Danford akaingia na kigoda chake. Akasimama nacho mkononi, hajui akiweke wapi.