Kofia Iliyomtosha Mdachi

Mjukuu wangu akichemsha samli, mimi hutoka jikoni. Enzi za Wadachi, askari walikuwa wakiipaka kwenye kiboko ili kilainike.

Mwalimu wetu alitoka pwani. Hapa Ugogo walimwita mgeni, lakini ndiye pekee aliyetuambia kwamba mtoto anayeuliza hajamvunjia mtu heshima. Siku moja Mdachi akaja na koleo la chuma kupima vichwa vyetu, akitushika masikio kama ndama wa kukatwa alama. Nikamuuliza, "Na chako, bwana, kimepimwa?"

Mwalimu akavua kofia yake ya viua, akatuvisha mmoja mmoja, kisha akamvisha Mdachi. Ikamkaa sawasawa.

"Mtoto ameuliza, bwana," akasema. "Jibu ni hilo."

Askari wakamlaza mwalimu uani, wakamchapa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Wazee wakaulaumu mdomo wangu, si kiboko.

Kesho yake alifundisha amesimama, maana hakuweza kukaa. "Nani ana swali?" akauliza. Tukanyoosha mikono wote.

Na leo watu wazima, wenye akili zao, wananiambia Wadachi ndio waliotuletea elimu.