Ua na Unga kwenye Kibao cha Mafuta

Mwanangu alipomleta mke wake kwetu Unyambwa nilifurahi, kisha nikachoka. Binti wa watu alikuwa na adabu kupita kiasi. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na kila nilichosema alijibu, "Sawa, mama." Ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, na nasikia darasani anaunguruma. Kwangu alikuwa kama jirani aliyekuja kuazima ungo. Mimi nilitaka mtu wa kuongea naye. Nikikaa kimya sana kichwa kinaniuma.

Wakati huo nilikuwa nimenunua mashine ndogo ya kukamua alizeti. Nikaamua kibao niandike mwenyewe, tena kwa Kiingereza, maana wateja wa siku hizi ndicho wanachopenda. "Sun" nililikumbuka toka shule ya msingi. Kipande cha pili cha jina la alizeti nilikijua kwa sikio tu, ila niliwahi kukiona mahali: kwenye mfuko wa unga wa ngano. Nikaufuata mfuko jikoni, nikanakili herufi moja moja. SUNFLOUR OIL, kwa rangi nyekundu. Nilijiona msomi.

Nikamwita mkamwana wangu aje aone. Akakitazama.

"Kizuri, mama."

Kisha akachukua ndoo aende kuchota maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Nikajua kuna jambo. Alikolelewa yeye, mama mkwe hakosolewi hata akivaa gauni nje ndani.

"Mwalimu ni wewe," nikamwambia. "Sema."

Aliweka ndoo chini, akaongea huku akiitazama.

"Mama, zamani Waingereza walikuwa na neno moja tu la ua na unga. Ukichekecha ngano, pumba zinabaki juu, na ule unga laini unaoshuka waliuita ua la ngano, kwa sababu ndio bora kuliko vyote. Baadaye wakayatenganisha. La maua wakaliandika 'flower'. La unga ndio hilo 'flour'."

Alianzia kwa Waingereza wa kale ili asiniambie mimi nimekosea. Nilikitazama kibao, nikamtazama na yeye. Nilimpenda hapo hapo.

"Kwa hiyo nauza mafuta ya unga wa jua."

"Ndiyo, mama," alisema, na midomo ikaanza kumcheza. Alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakalia gunia la mashudu ya alizeti. Nami nikacheka hadi kanga ikafunguka. Nikampa brashi arekebishe mwenyewe, akaniambia na hiyo nyekundu inaumiza macho.

Jana mchana tulikuwa tunakula, sisi watatu. Akaonja mlenda wangu, akaweka tonge pembeni.

"Mama, leo umezidisha chumvi."

Mwanangu aliacha kutafuna, akanitazama kwa hofu. Mimi nilikuwa nimefurahi mno, nikamwongezea mkamwana wangu ugali.