Chaki Chini ya Meza

Meza ya sebuleni ilikuwa inasogezwa. Hilo nilikuwa na uhakika nalo, na aliyekuwa anaisogeza nilimjua: mke wa mwanangu.

Mwanangu anafanya kazi mgodini Geita, anarudi mwisho wa wiki akibahatika. Alipooa, alimleta mkewe akae na mimi hapa Mkolani, eti nisibaki peke yangu. Sikuomba. Nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, nimelea watoto bila baba yao, nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Mtu wa kunishika mkono wa nini? Lakini binti akaja, Msukuma wa Magu, mpole kupita kiasi. Upole ule ndio ulionitia shaka. Anapiga goti, "Shikamoo mama." Marahaba. Anainuka, haongezi neno. Mtu asiyesema, utajuaje anawaza nini?

Basi tangu aingie, nikaanza kujigonga kwenye meza ambayo nimeipita miaka yote bila kuitazama. Haja ndogo ikinibana, haisubiri. Nainuka haraka, miguu inagoma, inang'ang'ania sakafu, halafu nyonga inakutana na kona. Nilishafika chini zaidi ya mara moja. Kuna siku sikuwahi choo, na hilo sitalieleza zaidi, nina heshima zangu.

Jikoni nako mambo yaliniharibikia. Sisi watu wa Bukoba ndizi tunazipika huku tunapiga soga, mikono inajua njia. Siku moja nilisimama mbele ya sufuria, ndizi zimemenywa, maharage yapo, majani ya mgomba ya kufunikia yapo, na sikujua kinachotangulia. Naomba ieleweke, sikusahau. Vyote nilivijua, ila havikutaka kujipanga. Binti akautoa mwiko mkononi mwangu taratibu, akaendelea yeye. Niliumia sana siku ile.

Nikaanza kuwaza. Vidonge vyangu vya presha analeta nani? Yeye, kila asubuhi, na kikombe cha maji. Mimi presha nilikuwa namezea dawa kichwa kikiuma, kama wenzangu wote wa jumuiya tunavyofanya. Kichwa kisipouma presha imelala, ya nini kuisumbua? Huyu analazimisha kila siku, kwa nini? Nikawa navibana chini ya ulimi. Akigeuka, navitema kwenye kopo la maua.

Halafu nikamwekea mtego. Mwalimu hakosi chaki. Alipokwenda sokoni Mkuyuni nilipiga magoti, nikakifunua kile kitambaa kirefu cha mezani, nikachora duara kuzunguka kila mguu wa meza. Kuinuka ilikuwa shughuli, nilishika kochi mpaka jasho likanitoka. Kuinama tena kukagua nisingeweza, nikauacha ushahidi ukae. Wiki ile ile nikajigonga tena, na kusema kweli nilifurahi. Nikampigia simu mwanangu.

"Jumapili tukitoka kanisani tukae kikao. Mkeo arudi kwao."

"Mama, amekukosea nini?"

"Utaona kwa macho yako."

Jumapili akaja. Mkewe alisimama karibu na mlango, begi lake liko miguuni, kumbe alishaambiwa. Alikuwa analia bila sauti. Mimi nikakaa kwenye kiti changu, nikamwambia mwanangu afunue kitambaa cha meza. Akachuchumaa. Akaangalia mguu mmoja, akasogea kwenye mwingine, akamaliza yote.

"Mama, haijasogea hata kidogo."

Nikaona wameungana. Nikainuka nikamwonyeshe mwenyewe, miguu ikagoma, nikaenda chini mbele yao. Aliyenifikia kwanza alikuwa yule binti.

Hospitali walinipiga picha ya kichwa. Daktari mwenyewe kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho mwisho, akanipa shikamoo, akageuza kioo cha kompyuta nione. Madoa meupe, huku na huku. Akasema ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazopeleka habari kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Vimishipa vinavyozilisha vimeharibiwa na presha ya muda mrefu, nyuzi nazo zimechakaa. Ndiyo maana miguu inachelewa kupata amri, mkojo unaharakisha, na kazi yenye hatua nyingi inavurugika. Hata kuwashuku watu, akasema, wakati mwingine kunaongezeka.

"Nani amekwambia nashuku watu?" nilimuuliza. Mwanangu akatazama dirishani.

"Dawa unakunywa kila siku, mama?" daktari akauliza.

Nikalikumbuka kopo la maua. Akasema yaliyoharibika hayarudi, lakini yasiongezeke haraka inawezekana, presha ikishikwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Tulirudi nyumbani jioni. Begi bado lilikuwa pale mlangoni. Nikakaa nikaitazama meza, na shaka ikanirudia. Sakafu ile inadekiwa kila siku. Chaki ilidumu vipi wiki nzima?

Nikamuuliza binti. Akapiga goti lake lile.

"Nilikuwa napita pembeni, mama. Niliona umeweka alama, nikajua kuna kitu unakitafuta."

Alijua. Alideki pembeni ya mtego niliomtegea yeye mwenyewe, akaniachia niukague. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Maneno ya kumwambia yalikuwepo, lakini nayo hayakujipanga.

"Begi rudisha chumbani," nikasema. "Halafu deki hapo chini ya meza."

"Na alama nifute?"

"Futa."

Asubuhi akaniletea kidonge na kikombe cha maji. Nilimtazama usoni; sitadanganya, shaka haikuwa imekwisha yote. Nikakipokea, nikameza. Alipotaka kugeuka nikamshika mkono, nikafungua mdomo, nikainua ulimi, aone.