Kikombe cha Kumi na Mbili cha Kasimiri

Theopista alikuwa mama mpole, na Kashaulili nzima ingekuambia hivyo. Vikombe ndivyo vilivyomharibu.

Vilikuwa vikombe vya Kiingereza, vyembamba, vyenye ua la bluu na mstari wa dhahabu ukingoni. Wazungu wa mgodi waliviacha walipoondoka, vikatawanyika majumbani, na kiwanda kule kwao kilishaacha kuvitengeneza siku nyingi. Mumewe Kasimiri, fundi baiskeli, alivitafuta kimoja kimoja vijijini. Kimoja alikikuta Mwamkulu kikinyweshewa vifaranga, kingine kikipimiwa ulezi. Kila alichokipata alikiviringisha ndani ya sweta kisije kikavunjika njiani. Alitaka kumi na viwili. Mungu alimwita vikiwa kumi na kimoja, na Theopista akaapa mbele ya jeneza kwamba siku ya misa ya mwaka, chai itanywewa kwa vyote kumi na viwili.

Cha kumi na mbili alijua kilipo. Kilikuwa Magamba, kwenye kibao karibu na mlango wa Katekista Didace, kimejaa maji ya baraka.

Alimpelekea jogoo. Didace akamtazama jogoo, kisha akamtazama yeye.

"Mama Optatus, kitu kilichobarikiwa huwa kinauzwa?"

"Yaliyobarikiwa ni maji, Katekista. Kikombe ni kikombe."

"Kamuulize Padri."

Akaenda. Padri akasema kisiuzwe, ila mwenyewe anaweza kukitoa bure. Theopista akarudi Magamba na bakuli jipya la kuhamishia maji.

"La plastiki," Didace akasema. "Yaani baraka ya Mungu niimimine kwenye plastiki?"

Akaleta la udongo, likaonekana litavuja. Akaleta la kioo, likaonekana zuri mno, wezi watalipenda.

"Niletee kikombe kama hiki, tubadilishane hata leo."

"Nikikupa kama hicho si nitabaki na kumi na kimoja?"

"Basi shida yako haina dawa," Didace akasema, akamnyunyizia maji kidogo apate amani njiani.

Hakuipata. Mwanawe Optatus alipekua kwenye simu, akakiona kimoja kinauzwa Uingereza. Pamoja na usafirishaji, bei ya ndama.

"Ndama huliwa," mama yake akamjibu, akamwambia azime simu.

Siku ya misa ya mwaka, Didace alifika makaburini amekibeba kikombe kwa mikono miwili. Sala zilipokwisha, alinyunyiza maji juu ya kaburi la Kasimiri, kuanzia kichwani hadi miguuni, mpaka yakaisha. Akakipangusa kwa leso, akamnyooshea Theopista.

"Sasa kitupu. Chukua, bure."

Theopista alikipokea. Ua lile lile, mstari ule ule.

"Mwaka mzima umeninyima," akasema, "leo umemwogesha nacho mume wangu ndipo unanipa. Nimmiminie nani chai humu? Na sukari nitie?"

"Si ulikitaka mwenyewe?"

"Nilitaka kikombe. Hiki sasa ni cha kaburini. Rudi nacho, Katekista, ukakijaze."

Didace alikifunga kwenye leso bila kubisha, na hilo ndilo lililomkera Theopista zaidi.

Nyumbani vikombe kumi na kimoja vilizungushwa, kuanzia kwa Padri. Didace alipata cha mwisho, akaisifu chai, akaomba sukari zaidi. Theopista akamwongezea. Yeye mwenyewe alikunywa kwenye kikombe cha plastiki, amesimama mlangoni, akiangalia mikono ya wageni wasije wakamvunjia hata kimoja.