Besi ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa makochi. Vidole vyake vimezoea kuvuta vitambaa vigumu, ndiyo maana besi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama, inamtii. Hapendi kuambiwa jambo mara mbili. Mimi hasira zake nimezirithi, besi sikurithi.

Anapiga tango, ule muziki wa dansi wa Argentina, na wenzake watatu: wa fidla, wa piano na wa kodiani. Mwimbaji hakuna, ngoma hakuna. Muziki wenyewe una maringo. Unatembea kifua mbele, unakata ghafla, fidla inalalamika kidogo, kisha wote wanarudi kwa ukali kana kwamba hakuna aliyelia. Mapigo anayabeba shangazi: anavuta nyuzi, anazikwaruza kwa upinde, anagonga ubavu wa mbao kwa kiganja.

Mwenye ukumbi walikoalikwa kupiga usiku ule hayo hakuyaelewa. Alisema watu hawaji kusikiliza nyuzi tupu, watasinzia. Akamleta mpiga ngoma anayesifika mji mzima, akamketisha pembeni ya jukwaa na kumwagiza aingilie muziki ukianza kupwaya. Akaongeza kwamba ngoma ikishaingia, besi itapumzishwa moja kwa moja, maana jukwaa ni dogo. Besi hiyo shangazi ameipiga tangu mimi sijazaliwa. Nilitaka kumpa yule bwana vidonge vyake, lakini shangazi alinishika mkono.

"Mwache akae," alisema. "Akiona pengo, aingie."

Tatizo ni kwamba pengo lipo. Katikati ya kipande chao cha muziki kuna mahali wote wananyamaza kabisa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwahi kukaa karibu na mpiga ngoma aliyepewa ruhusa.

Wakaanza vizuri. Walipofika kwenye kile kimya, watu kadhaa wakapiga makofi wakidhani wimbo umekwisha. Mwenye ukumbi akampa mpiga ngoma ishara kwa kidevu. Vijiti vikainuka.

Shangazi hakumtazama mtu. Aligonga ubavu wa besi, pigo moja tu, zito. Akasubiri. Akagonga tena. Makofi yakafa, na mzee aliyekaa mbele yangu akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mapigo yale, kisha safu yake nzima. Fidla ikapanda juu ya mapigo hayo, kodiani ikafuata, na vile vijiti vikashuka polepole vikalala mapajani mwa mwenyewe.

Kipande kilipokwisha kweli, ukumbi mzima ulisimama. Mwenye ukumbi alimwendea mpiga ngoma akamuuliza kwa nini alikaa kama mgeni.

"Nilitafuta pa kuingia, bosi," alijibu. "Hapakuwa na nafasi. Yule mama amepajaza pote."

Niliwageukia waliokaa karibu nami, na bila kuulizwa na yeyote, nikawaambia kuwa yule ni shangazi yangu.