Siku Nilipozima Majiko ya Uwemba

Niliondoka Makambako kwa sababu moja: kutafuta kipimo kinachosema hewa ya kiwanja changu cha Uwemba haina kitu ndani yake. Mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne, mbao zikanifikisha ambako wenye digrii hawajafika. Sasa najenga nyumba ya wageni kule, katikati ya shamba langu la miti ya paina. Mwenye mabasi mmoja wa Dar es Salaam aliniambia, "Nionyeshe kipimo cha hewa safi nikuletee wageni. Bila kipimo, usinipigie."

Njiani ukungu ulikuwa umelalia miti ya miwati, magari yote yamewasha taa. Nilipita malori ya mbao, mengine yangu. Njombe mjini nikanywa chai ya moto, nikajaza gari mikate.

Uwemba niliifikia kabla ya mashine ya kupimia hewa. Nikapita nyumba za jirani: leo hakuna kuwasha moto mpaka niseme, mkate huu hapa. Wengi hupata vibarua kwangu, wakaitikia. Mama Twilumba, bibi wa jirani, akanitazama sana.

"Kamwene, Tajiri. Wajukuu wangu wanywe uji wa baridi?"

"Mkate, mama."

"Huo mkate unamtosha mtu mmoja."

Lakini alizima.

Jua lilipopenya ukungu akafika Daktari Neema wa chuo kikuu, na mashine kubwa kama friji, tukaiingiza katika nyumba ninayojenga, bomba lake jembamba likatolewa dirishani. Akanieleza: inavuta hewa, inachemsha chembe zilizomo mpaka ziwe mvuke, inazivunjavunja, halafu inapima uzito wa kila kipande. Kwa vipande hivyo anajua chembe ilikuwa nini.

"Kama kuangalia mifupa sahanini ukajua alikuwa kuku au mbuzi," nikasema.

"Mzee, hiyo nitaiiba nikafundishie."

Basi na mimi ni profesa. Mara mistari ikapanda kwenye skrini.

"Nani kawasha?" nikafoka.

"Moshi wa kuni ni kidogo mno. Chembe hizi ni za paina. Ile harufu yake ikichanganyika na hewa juani, inageuka chembe."

"Paina zangu?"

"Zako. Na kwani umewazimisha watu majiko? Mzee, umeniharibia asubuhi! Nilikuja kupima hewa wanayovuta."

"Andika tu haina kitu."

"Siandiki."

Mama Twilumba alikuwa dirishani, amejikunyata kwenye kitenge.

"Tajiri, nenda ukazizime na paina basi. Wapelekee mkate."

Walicheka mpaka fundi wangu juu ya paa. Nikasema, haya, washeni.

Majiko yakawaka. Mistari mipya ikapanda juu kuliko ya paina. Mama Twilumba akaingia kuona moshi wake, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Kisha akauliza taratibu, "Moshi wote huo nauvuta mimi?"

"Ndiyo, mama. Na wajukuu, jikoni ndiko unakojaa zaidi."

Hakucheka tena.

Jioni, narudi Makambako, nilimpigia mwenye mabasi nikamwambia hewa yangu ina paina na ina kuni. Akakata simu.

Nilichojifunza ni hiki: hewa tupu haipo, na kama ipo, haiko kwa watu wanaopika. Wiki iliyofuata nilimtuma fundi akatoboe paa la jiko la Mama Twilumba, aweke bomba la kutolea moshi. Nilipopita kupokea shukrani, nilimkuta jikoni kavaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Moshi umetoka kweli, Tajiri," akasema. "Na joto limeufuata."